Mbwa amekataa kilango: dalili, chanzo na vipimo vya kurekebisha

Kabla hujamwita mbwa wako mkaidi, piga magoti mbele ya kilango chake, lile tundu lililokatwa mlangoni apitie, ukague ukingo wa juu. Ukikuta manyoya yamenata pale, au rangi imesuguliwa mpaka chuma kinang'aa, mbwa hana kosa. Amekuwa akipita huku akijikwaruza mgongo, na sasa ameona heri alale nje na mvua yake.

Mimi ni fundi wa milango hapa Nakuru, ya chuma na ya mbao. Vilango vya mbwa nimevikata Lanet, Kiamunyi na Njoro, na mara kadhaa kwa mwaka naitwa Kisumu kwa kazi hiyo hiyo. Mara nyingi siitwi kukata kipya. Naitwa kurekebisha kilichokwisha kukatwa, na nikifika nakuta kosa ni lile lile: mtu alimpima mbwa kutoka sakafuni hadi mgongoni, akakata tundu la urefu huo, akaliweka popote penye nafasi. Mwingine alinunua kilango cha dukani kwa kuangalia kilo zilizoandikwa kwenye katoni. Lakini chukua mbwa wawili wa kilo 30 kila mmoja, huyu ana miguu mirefu na mwili mwembamba, yule ni mfupi mwenye kifua kama pipa. Tundu linalomfaa mmoja litamtesa mwenzake. Kinachopita mlangoni ni mabega, kidari na nyonga, na hivyo hupimwa kwa tepu.

Pima upya kwanza

Hata kama una hakika na vipimo vya zamani, anza hapa. Msimamishe mbwa kando ya ukuta, kwenye sakafu tambarare, ameshikwa na mtu anayemzoea ili asijikunyate. Laza ubao mwembamba juu ya mabega, pale shingo inapoishia na mgongo unapoanza, utie alama ukutani kwa penseli. Usipime kichwa. Mbwa akipita mahali pa chini huinamisha kichwa mwenyewe, na mabega ndiyo hayainami bila kukunja miguu.

Kisha pima kutoka sakafuni hadi chini ya kidari, nyuma tu ya miguu ya mbele. Mwisho pima upana, na hapa usimzungushie tepu kama fundi cherehani. Weka mbao mbili wima, moja kila ubavu, pale alipo mpana zaidi, upime nafasi iliyo kati yake. Kwa mbwa wengi ni kifuani; kwa jike aliyezaa mara kadhaa ni tumboni.

Ukingo wa juu wa tundu uwe sentimita 5 juu ya alama ya mabega. Ukingo wa chini, yaani kizingiti, uwe sentimita 8 hadi 10 chini ya kidari. Upana wa tundu uwe upana wa mbwa na sentimita 5 zaidi.

Chukua jike wa Jamani Shepadi (German Shepherd) wa sentimita 58 mabegani, kidari kikiwa sentimita 30 kutoka chini, upana 25. Ukingo wa juu utakuwa sentimita 63 kutoka sakafuni, kizingiti 20. Basi tundu lenyewe lina urefu wa sentimita 43 na upana wa 30. Wateja hushangaa hapo: mbwa ni 58, tundu ni 43! Ndiyo, kwa sababu miguu inaruka kizingiti, haihitaji tundu lake. Jambo la kulinda kwa macho yote ni mahali tundu linapoanzia na linapoishia ukihesabu kutoka chini. Tundu la 43 likianza sentimita 10 kutoka sakafuni, ukingo wa juu utakuwa 53, na huyo jike atajikwaruza mgongo kila siku ya maisha yake.

Vipimo vikishapatikana, usiwashe grainda bado. Chukua katoni kubwa ya friji au televisheni, kata tundu kwa vipimo hivyo, ibandike kwenye fremu mlango ukiwa wazi, umwite mbwa kutoka upande wa pili akiwa na njaa kidogo. Akipita bila kuinamisha mgongo na bila kugusa kizingiti, kazi ni nzuri. Akijikunja, panua katoni. Katoni haina gharama, na mlango wa mkangazi ukishakatwa vibaya haurudi.

Anaingiza kichwa, anasimama, anarudi nyuma

Hii ndiyo dalili ninayoitiwa zaidi, na ina vyanzo viwili ambavyo watu huvichanganya: ukubwa wa tundu na uzito wa pazia, yaani kile kipande kinachoning'inia kuziba tundu. Vitenganishe hivi. Funga pazia juu kwa kamba, tundu libaki wazi kabisa, uliache hivyo siku mbili. Mbwa akianza kupita bila wasiwasi, tundu halina shida, shida ni pazia. Akiendelea kusitasita hata pazia likiwa limefungwa juu, rudi kwenye vipimo.

Mapazia mengi ya jua kali hutengenezwa kwa mpira wa mkanda wa mashine au kipande cha tairi. Unadumu, lakini ni mgumu na mzito, na mbwa wa kilo 8 akiusukuma kwa pua anahisi amegonga ukuta. Tyubu ya lori nayo ni laini mno. Jua likiipiga miezi michache inajikunja kwa chini na upepo unaingia. Mimi napendelea plastiki nzito ya uwazi, ile inayoning'inizwa vipande vipande kwenye milango ya vyumba vya baridi. Mbwa anaona mwanga na kilichopo upande wa pili, na woga unapungua nusu. Ina udhaifu wake: baridi huikaza. Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, hutaona tofauti. Huku Nakuru tuko juu ya mita 1,800, na asubuhi ya Julai pazia la milimita 3 linakuwa kama ubao. Kwa mbwa mdogo tumia milimita 2.

Ukishabadilisha pazia, usilishushe siku hiyo hiyo. Lifunge nusu, lifike usawa wa masikio yake, mpaka azoee kuligusa. Na mtu asimsukume kwa nyuma, hata kwa upendo. Mbwa aliyesukumwa mara moja atakumbuka mkono na mlango kwa pamoja.

Kitu kingine kidogo: angalia mkia. Pazia zito likimpiga mkia kila akipita, ataanza kupita mbio, na anayepita mbio hujigonga kizingiti. Mtu akija kuniambia mbwa "anaruka kama amechomwa", mkia ndio naukagua kwanza.

Mgongo umenyonyoka, ukingo wa juu una manyoya

Ukingo wa juu uko chini mno. Wengi hupenda kutibu hili kwa kushusha kizingiti, kwa kuwa ni rahisi kukata kwa chini. Haisaidii. Kimo cha mgongo wa mbwa hakibadiliki kwa sababu kizingiti kimeshuka, labda umlazimishe kutambaa. Panda juu: ongeza sentimita zinazokosekana pamoja na zile 5.

Kwenye mlango wa chuma, ukimaliza kukata, piga tupa kingo zote mpaka kidole kipite bila kukwama. Kisha pasua mpira wa kumwagilia maji kwa urefu wake, uuvike ukingo mzima kama soksi, uubandike kwa silikoni. Bati la geji 16 likikatwa kwa grainda huacha meno madogo usiyoyaona kwa macho, na nimeona mbwa mwenye michirizi ya damu kifuani ambayo mwenyewe alidhani ni kupe.

Anatoka vizuri, kurudi hataki

Hili nililipa mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikata kilango kwenye mlango wa jikoni wa mama mmoja kule Milimani, Kisumu. Nilimpima mbwa wake, Simba, ndani ya nyumba, kwenye vigae, vipimo safi. Nilikata, nikaweka fremu, Simba akatoka nje mara ya kwanza tu alipoitwa, nikalipwa, nikapanda matatu. Siku ya tatu simu ikalia. "Fundi, Simba anatoka, lakini kurudi analia tu hapo nje. Nimefungua mlango mkubwa usiku mara nne."

Nilirudi. Nilisimama uani badala ya jikoni, nikaona nilichokuwa nimekikanyaga bila kukitazama: uani palikuwa chini ya sakafu ya jikoni kwa sentimita 17. Kizingiti cha sentimita 20 upande wa ndani kilikuwa 37 upande wa nje, juu kuliko kidari chake. Kutoka, alishuka tu. Kurudi, ilibidi aruke huku akisukuma pazia kwa kichwa, na miguu ya nyuma ikikwaruza chuma. Kwenye mapaja yake nilikuta manyoya yamekwisha sehemu mbili zinazolingana, kulia na kushoto. Nilipiga magoti nikamshika masikio na nikaona aibu ya kweli, maana yule mnyama alikuwa amejaribu siku tatu nzima.

Nyumba zetu nyingi ziko hivi. Msingi huinuliwa ili maji ya mvua yasiingie, kwa hiyo mlango wa nyuma karibu kila mara una ngazi moja au mbili. Pima pande zote mbili kabla ya kukata. Tofauti ikiwa ndogo, sentimita 5 au 6, shusha kizingiti kidogo na inatosha. Ikizidi hapo, jenga jukwaa upande wa chini lifikie usawa wa sakafu ya ndani. Na liwe jukwaa hasa, ambalo miguu yote minne inasimama. Ngazi nyembamba ya tofali moja humlazimisha kusimama miguu ya mbele juu na ya nyuma chini, mgongo umeinuka kama mlima, na hapo vipimo vyako vyote vya mabega vinaharibika. Kwa Simba nilimwaga zege la sentimita 90 kutoka mlangoni kwenda uani, upana wa 60, nikalikwaruza kwa ufagio kabla halijakauka ili lisiteleze. Sikumlipisha mama yule. Siku hizi napima nje kwanza, ndipo naingia ndani.

Anakwama kifuani

Upana hautoshi, au mbwa amenenepa tangu apimwe. Jike mwenye mimba hukwama wiki za mwisho, na huyo umfungulie mlango mkubwa, usimwache ajilazimishe. Kwa mbwa mwenye manyoya mengi, bonyeza mbao za kupimia mpaka zifikie mwili, la sivyo utakata tundu kubwa bila sababu.

Pazia halifungi, upepo na mbu wanaingia

Shika pima maji uweke juu ya fremu ya kilango. Fremu ikiwa imelala upande mmoja hata kidogo, pazia litagusa ukingo mmoja na kuacha mwanya upande mwingine. Nafasi kati ya pazia na fremu iwe milimita 3 hadi 5 kila upande. Kisumu ziwa liko pale na malaria haikauki mwaka mzima, kwa hiyo mwanya wa kidole usiuchukulie kuwa jambo dogo. Jazia kwa brashi zile za chini ya mlango.

Sumaku ya kulivuta pazia lifunge usihangaike kuinunua. Friji iliyokufa ina mpira kuzunguka mlango wake, na ndani ya mpira huo mna utepe wa sumaku. Uchomoe, ubandike ukingo wa chini wa pazia. Fremu ya chuma itaunasa yenyewe. Ya mbao iwekee ukanda wa bati. Kama mbwa ni mdogo, tumia kipande kifupi tu katikati, maana sumaku ikizidi nguvu utarudi kwenye ile dalili ya kwanza.

Pazia likikwama majira ya masika tu, Machi hadi Mei, kisha likawa sawa baadaye, mbao imevimba. Milango ya flashi ndiyo inayoumia zaidi. Ukiikata utakuta ndani ni tupu au kuna karatasi tu, na fundi asiyejali hupigilia fremu juu ya ngozi hiyo ya plaiwudi. Maji hupenya kwenye mkato na mlango unaoza kuanzia tundu kwenda nje. Dawa yake ni kuingiza vipande vya mbao ngumu ndani ya uwazi ule, pande zote nne, kuvipiga gundi, kupaka mkato wote rangi ya mafuta mara mbili, ndipo ufunge fremu kwa skrubu na silikoni.

Mbwa wawili, tundu moja

Ukingo wa juu mpe mkubwa, kizingiti mpe mdogo, upana mpe mnene. Tuseme yule jike wa sentimita 58 anaishi na spitsi wa Kijapani wa sentimita 33 mabegani, kidari kikiwa 17. Ukingo wa juu unabaki 63, kizingiti kinashuka hadi 8, na tundu linakuwa la sentimita 55. Hapo pazia moja litakuwa zito mno kwa spitsi. Likate vipande wima vitatu au vinne, vilaliane sentimita 4 au 5 kama mapazia ya buchari. Mkubwa atasukuma vyote, mdogo atajipenyeza kwenye kimoja. Kwa mpangilio huo upepo unaoingia unaongezeka kidogo, na mimi naona ni bei ya haki.

Kilango kilikuwa sawa, sasa hakitoshi

Mtoto wa mbwa amekua. Mbwa wa aina kubwa huendelea kurefuka hadi mwaka mmoja na zaidi, na kifua hupanuka hata baada ya hapo. Kata kwa kipimo cha utu uzima tangu mwanzo. Jamani Shepadi dume hufika sentimita 60 hadi 65 mabegani, jike 55 hadi 60. Rotwaila dume 61 hadi 68, jike 56 hadi 63. Mbwa wa kienyeji hana jedwali, kwa hiyo kampime mama yake kama unaweza kumfikia, uongeze kidogo kwa dume. Wakati mtoto bado mfupi, mwekee jukwaa la mbao pande zote mbili na uliondoe anapokua.

Wanaingia wasioalikwa

Tundu linalompitisha Jamani Shepadi linampitisha mtoto wa miaka kumi, na hata kijana mwembamba. Hili lazima nimwambie kila mteja, hata kama litanikosesha kazi. Ukishakata, lala chini upande wa nje, ingiza mkono mpaka begani, ujaribu kufikia kitasa na komeo. Ukivifikia, mwizi naye atavifikia. Hamisha komeo juu, au weka kilango kwenye mlango wa stoo au jiko ambao una mlango mwingine wa ndani unaofungwa usiku. Pia tengeneza kifuniko cha bati kinachoteleza kwenye reli, chenye komeo upande wa ndani. Kwa mlango wa mbele wa nyumba mimi sikati kilango cha mbwa mkubwa, nimekataa zaidi ya mara moja.

Walio karibu na ua wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru wana wageni wengine: tumbili, na wakati mwingine nyani. Tumbili akimwona mbwa akisukuma pazia anaelewa mara moja, na ndizi zilizo mezani hazimalizi dakika mbili. Hapo hakuna hesabu ya ukubwa itakayokusaidia, maana tumbili ni mdogo kuliko karibu kila mbwa. Kifungwe kifuniko mchana kama hakuna mtu nyumbani. Kama mbwa wa mtaani au paka wa jirani ndio wanaoingia, angalia kama tundu ni kubwa kuliko mbwa wako anavyohitaji. Kipande cha mbao kila upande kinaweza kulipunguza. Na hakikisha wako amechanjwa kichaa cha mbwa, kwa kuwa kilango kilicho wazi humkutanisha na mbwa usiowajua.

Alipita miaka mingi, sasa anasimama tu mbele yake

Tundu halijabadilika, yeye ndiye amebadilika. Mbwa mzee, hasa Jamani Shepadi, huumwa nyonga, na kuinua miguu ya nyuma juu ya kizingiti ndiko kunakomshinda. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aangalie viungo. Kwa upande wa mlango, shusha kizingiti mpaka sentimita 5 kutoka sakafuni au chini ya hapo kama mlango unaruhusu, uweke zulia la mpira pande zote mbili asiteleze akitua. Kipande ulichokiongeza kwa chini kitafanya pazia kuwa refu, kwa hiyo likate vipande. Kisha keti naye pale chini jioni moja, pazia likiwa limefungwa juu, umwache apite kwa mwendo wake.